Mwongozo wa Mtafuta Mali ya Mjerumani Tabora

Mashine umeshapata. Umeiazima kwa shemeji yako wa Nzega, ambaye huitumia kusaka vipande vya dhahabu machimboni, na umemwahidi fungu lake. Mwenye ramani umempata pia, na vijana wawili wa sururu na chepe wamekubali kulipwa mali ikionekana. Mbuzi wawili wameshauzwa na mama watoto hana habari. Kilichobaki ni kujua pa kuanzia.

Nitakuelekeza. Kila hatua iliyomo humu ni ya kweli, na nakuomba uifuate kama ilivyo. Mali ya Mjerumani naijua ilipo na nitakuonyesha. Ila twende kwa utaratibu, kwa sababu nchi hii imetobolewa vya kutosha: chini ya miembe mikongwe, kandokando ya makaburi, hata kwenye mawe ya wapima ardhi ambayo mtu aliyaona yamechorwa msalaba akaamini ni alama ya hazina.

Hesabu kwanza

Hadithi ya dhahabu ya Tabora haikuzuka hewani, ndiyo maana haifi. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli za Ujerumani zisifike pwani yetu, serikali ya Gavana Heinrich Schnee, ambayo ilikuwa imehamia Tabora, iliishiwa fedha za kulipia watu. Mwaka 1916 karakana ya reli ikafanywa kiwanda cha sarafu. Maganda ya mizinga na vyuma chakavu vya shaba vikapigwa kuwa heller 5 na heller 20, na hizo za 20 zilipita milioni moja. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, ikawa rupia 15. Sarafu hiyo ina tembo aliyenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, kisha mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Ukiigeuza unakutana na tai wa Kaisari. Uzito wake ni gramu 7 na ushei. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huinunua kwa maelfu ya dola, na hiyo ndiyo habari iliyokutoa wewe usingizini.

Sasa chukua kalamu. Sarafu za dhahabu zilizopigwa ni 16,198. Zidisha kwa gramu 7.168 kila moja, unapata kilo 116 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi wa njia hii alikuwa akibeba frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kwa hiyo dhahabu yote ya Tabora, bila kubakiza kipande, ilikuwa mzigo wa watu wanne, na yule wa nne angebaki na nafasi ya kubebea sufuria na mkeka wake. Serikali iliyokuwa ikikokota mizinga na kuongoza maelfu ya wapagazi ingezikaje mizigo minne kwa hofu ya uzito?

Na sarafu hizo hazikupigwa ziwekwe. Zilipigwa zilipwe. Zilitoka karakana zikaingia mikononi mwa watu, zikatawanyika. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani walikuwa wameshashika njia ya kusini, na vita vyao viliendelea miaka miwili zaidi. Jeshi linalokwenda kupigana miaka miwili porini linabeba fedha zake. Zilizobaki nyuma zimo kwenye makabati ya makumbusho na kwenye minada ya ng'ambo, ambako zimekuwa zikibadilishana mikono mbele ya watu wote.

Kuna kitu kimoja kikubwa ambacho Wajerumani wa njia hii walikificha kweli, kwa nia ya kurudi kukichukua. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku na kuletwa mpaka Kigoma kuunganishwa upya. Julai 1916, adui alipokaribia, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito isile kutu, kisha wakaizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo mali ya Mjerumani niliyokuahidi. Imebeba abiria, dagaa na magunia ya mahindi Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi, na aliyetaka kuiona alikata tiketi.

Mkague mwenye ramani

Mwenye ramani anafahamika kwa mpangilio wa maneno yake. Kwanza babu yake alikuwa mpishi wa Mjerumani, na ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya waliochimba shimo. Halafu ramani yenyewe huioni yote, unaonyeshwa kona. Ukishakubali, inajulikana kwamba mali ina mlinzi, na mlinzi anahitaji mtaalamu, na mtaalamu ana mahitaji yake. Mwisho anatokea mnunuzi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuonekana kwa macho lakini kila siku anapiga simu akitaka sampuli, na sampuli ina gharama za maabara.

Mwulize swali moja tu, na umwulize mbele ya watu: kama mahali panajulikana, kwa nini fedha ya mafuta ya gari iwe yangu?

Akitamka zebaki nyekundu, maliza chai yako, lipa, ondoka. Mwezi Aprili 2009 uvumi wa zebaki nyekundu ulipita Saudi Arabia, ikaaminika kwamba imo ndani ya cherehani kuukuu za Singer, na bei za cherehani zikapaa kupita kiasi. Watu wazima, wenye kazi zao, walinunua vyombo vya fundi nguo kwa bei ya gari. Zebaki hiyo haikuonekana, na haitaonekana Tabora pia.

Ijue mashine yako

Mashine za kutambua chuma zina historia ya heshima. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliunda moja ili kutafuta risasi iliyokwama mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakuipata, inaelezwa kwamba springi za kitanda zilikuwa zikiivuruga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanajeshi wa Poland, Józef Kosacki, aliunda ya kutafutia mabomu ya ardhini, na ikatumika El Alamein mwaka 1942. Mashine hiyo iliokoa roho za watu wengi. Mchimbaji mdogo mwenye leseni ya madini anaitumia leo kutafuta riziki yake, na sina neno naye.

Neno langu ni kwa anayeipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Sikiliza kile mashine inachokuambia. Inalia: hapa kuna chuma. Haisemi chuma gani, cha nani, cha lini. Katika ardhi ya Tabora italia kwenye kizibo cha soda, kwenye betri ya redio, kwenye msumari wa reli, kwenye kipande cha bati, kwenye jembe lililokufa. Utachimba vyote, kwa sababu kila mlio unafanana na utajiri mpaka ufike chini.

Tazama shimo lako kabla hujaondoka. Lina upana wa karai na kina cha goti. Ukilikagua ukuta wake kwa tochi utaona udongo mweusi wa juu, wenye mizizi ya nyasi. Chini yake kuna mstari wa kijivu, mwembamba kama unene wa kidole, umekatika pale chepe lilipopita. Halafu unaanza udongo mwekundu. Mstari ule wa kijivu ni majivu. Mtu alikoka moto pale. Ndani ya majivu yale huenda mlikuwa na punje za mtama zilizoungua, mfupa wa kuku, kigae cha chungu, shanga moja iliyokatika uzi. Mashine yako haikulia kwa hata kimoja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilicho cha chuma. Umevipindua vyote ukifuata kizibo cha Mirinda, na hakuna mtaalamu awaye yote, hata aje na vyombo gani, atakayeweza kuvirudisha vilivyokaa.

Ubishi wote kati ya wanaakiolojia na wenye mashine uko kwenye ule mstari wa kijivu. Mwenye mashine anasema: kitu kilikuwa kimelala ardhini bure, mimi nimekiokoa. Mwanaakiolojia anajibu: kitu bila mahali pake ni pambo, na mahali ndipo palipokuwa na habari. Niko upande wa mwanaakiolojia, na kwa Tabora niko upande huo kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ningekuwa pengine popote.

Tembea njia ya wapagazi

Sababu ni hii. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na Unyanyembe, yaani Tabora hii na viunga vyake, ilikuwa kituo kikuu cha katikati. Misafara ilipumzika hapa, ikagawanyika, mingine kwenda Ujiji na Manyema, mingine kaskazini kwa njia ya Karagwe mpaka Buganda. Waliopita na kalamu tunawajua. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857 na wakaandika. Henry Stanley na David Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani, akiandika. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Hao hawana shida. Vitabu vyao vimo maktaba.

Waliobeba mizigo ni wengine. Kirangozi aliyetangulia na bendera, na nyuma yake mstari wa watu wenye pembe za ndovu, majora ya merikani na kaniki, mafungu ya shanga, masango ya nyaya za shaba. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari, wanawake wengine wakiwa nao njiani. Na katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa shingoni, wakitoka Manyema na kwingineko, ambao hakuna aliyewauliza majina yao. Wachache mno kati ya watu hawa waliacha hata mstari mmoja wa maandishi. Walichoacha ni mawe matatu ya jiko, majivu, kigae, kiko cha udongo, shanga. Kambi ya usiku mmoja huacha alama nyepesi kiasi kwamba mvua mbili za masika zinaweza kuifuta, sembuse chepe lako.

Chukua shanga. Wafanyabiashara wa msafara walijua kwamba rangi inayopendwa kijiji hiki inaweza kukataliwa kijiji cha mbele, na aliyekosea alijikuta na frasila za shanga ambazo hazinunui hata kuku. Nyekundu zilizoitwa samesame zilithaminiwa sana. Shanga ikipatikana pale ilipoangukia, pamoja na kigae kilichokuwa kando yake na majivu yaliyokuwa chini yake, mtaalamu anaweza kueleza ni watu gani walikaa pale, katika miaka ipi, walinunua nini kwa nani. Ikipatikana mfukoni mwako, ni shanga nyekundu.

Na mashine yako inaweza kulia kwenye pingu au pete ya mnyororo. Hicho kitapata mnunuzi upesi, kuna watu hupenda kuweka vitu vya namna hiyo ukutani sebuleni. Nakuomba usikiuze. Pengine ndicho kitu pekee ulimwenguni kilichobaki cha mtu yule aliyekivaa, na mahali kilipolala huenda ndipo alipolala yeye.

Tanzania iliipeleka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni kusubiri mlangoni. Siku UNESCO watakapokuja kukagua watataka kuona ardhi inasema nini kati ya kituo na kituo, na ardhi yenye mashimo ya karai kila hatua kumi haitakuwa na la kusema.

Ukishafika Kwihara, nenda mpaka Kwikuru, ikulu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Hapo mwezi Januari 1893 Isike, baada ya kupigana na Wajerumani kwa miaka, alipoona boma limevamiwa na kikosi cha Tom von Prince aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Kila risasi iliyobaki katika uwanja ule ni ushahidi. Nitakuambia inavyofanyika mahali pengine. Huko Little Bighorn, Marekani, Jenerali Custer alishindwa na Walakota na Wacheyenne mwaka 1876. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja, na mwaka uliofuata wanaakiolojia waliwaita wenye mashine, watu wa kawaida wenye uzoefu, wakapita nao mstari kwa mstari. Kila mashine ilipolia walichomeka kibendera. Walichimba polepole, wakaandika mahali pa kila risasi na kila ganda, na upande risasi ilikoelekea. Kwa kulinganisha alama za bunduki kwenye maganda walifuata bunduki mojamoja ilivyosogea uwanjani, na simulizi za wazee wa Wahindi Wekundu, zilizodharauliwa kwa miaka mia, zikapata uzito.

Hebu fikiri kazi kama hiyo ikifanywa Kwikuru. Mpaka sasa habari za mwisho wa Isike zimeandikwa zaidi na waliomshinda. Risasi zingeweza kutueleza watu wake walisimama wapi na walishikilia kwa kiasi gani. Mashine yako ingefaa sana siku hiyo, na wewe pia, kwa sababu unaijua milio yake kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini ukienda leo usiku na mfuko wa sandarusi ukaokota risasi mia, umeiba ushahidi wa Wanyanyembe ili upate kilo mbili za risasi za kuuza kama chuma chakavu.

Soma sheria

Hapa nitakwenda upesi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na jengo, boma au kaburi la kabla ya 1886, kuwe na kibao au kusiwe. Kuchimba kunataka leseni ya Mambo ya Kale. Mtafiti anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Leseni ya madini haihusiki. Ruhusa ya mwenye shamba haitoshi. Aliyekiona kitu anatakiwa kutoa taarifa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Umeona tundu? Misafara ilivuma sana miaka ya 1870 na 1880. Risasi ya Isike ni ya 1893. Rupia ya tembo ni ya 1916. Kwa mwaka uliowekwa, vitu hivyo havilindwi mpaka waziri avitangaze. Mstari wa 1863 ulichorwa wakati mwaka huo uko umbali wa karne moja. Leo umepita zaidi ya karne moja na nusu, na mstari haujasogea nao. Naona ungeandikwa upya useme tu: chochote chenye umri wa miaka mia.

Wenye mashine hupenda kutaja Uingereza, na wana haki ya kuitaja. Huko sheria ya mwaka 1996 inamtaka mtu aripoti hazina, na makumbusho ikiitaka, aliyeipata na mwenye shamba wanagawana thamani yake. Dhahabu ya Staffordshire iliyopatikana mwaka 2009 ililipiwa zaidi ya pauni milioni 3. Vitu zaidi ya milioni moja vimeandikishwa na wananchi kwa hiari. Lakini wawili waliopata dhahabu ya kale karibu na Leominster mwaka 2015 wakaificha walifungwa jela miaka mingi. Ireland ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1987 kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila kibali ni kosa.

Ninachotaka tuchukue Uingereza ni ile heshima kwa anayeripoti. Mkulima wa Itonjanda au Sikonge aliyegonga kitu kwa jembe anastahili nauli, bahasha na jina lake kwenye kabati la makumbusho, kwa herufi zinazosomeka. Akitarajia maswali ya polisi peke yake, atakirudisha kitu ardhini au atakiuza, na sote tutakuwa tumempoteza.

Kama umeshachimba

Simama hapo ulipofika. Usipanue shimo kutafuta cha pili. Usikisugue kitu kwa majivu wala ndimu. Kutu na udongo ulioganda vina habari. Kiviringishe kwenye karatasi, si kwenye nailoni yenye jasho. Shimo lifukie, ukirudishia ndani vigae vyote ulivyovirusha pembeni.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwambie akusindikize kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, au nendeni moja kwa moja kwenye tembe la Livingstone, Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Kabla hujafika, andika kwenye karatasi siku uliyokipata, kina cha shimo, rangi ya udongo na vitu vilivyokuwa karibu. Kama simu yako inachukua ramani, hifadhi pale mahali. Kama haichukui, hesabu hatua kutoka mwembe ulio karibu, na uandike ni mwembe gani, kwa shamba la nani, upande wa jua linakochomoza au linakozama.